Namna ya Kukaa Pembeni Mtoto Anapofinyanga Ng'ombe

Vitabu vya walimu wa chekechea vinavyotoka Ulaya havikosi sura moja: kazi za mikono za majira ya majani kupukutika. Oktoba ikifika, majani ya miti yao yanageuka manjano na mekundu, watoto wanayaokota, wanayabandika kwenye karatasi, wanapeleka nyumbani. Sura nzuri, kwa wenyewe. Masisi na Walikale za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ziko digrii moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na kwetu majani hayasubiri Oktoba. Mkaratusi unaangusha majani na magamba mwaka mzima. Mgomba unakausha jani la chini huku unafungua la juu. Kule Walikale msitu unapukutika na kuchipuka kwa wakati mmoja. Septemba yetu ina mambo yake mawili: mvua zinarudi na shule zinafunguliwa. Basi mwongozo huu unaanzia hapo, na umeandikwa kwa ajili ya watu wazima. Watoto hawauhitaji.

Kwanza, mwalimu, mama, papa, tafuta gogo au jiwe, ukae. Umekaa? Vizuri. Sasa funga mdomo. Hilo ndilo gumu kuliko yote yatakayofuata, kwa hiyo tulizungumze kidogo kabla ya kwenda mbele.

Siku ya mtoto wa kijijini Masisi ni amri tangu asubuhi. Chota maji. Tafuta kuni. Mbebe mdogo wako. Fukuza mbuzi kwenye maharagwe. Kimbia kwa shangazi ukaombe moto. Amri hizo ni halali, nyumba haiendi bila hizo, na mtoto anayezitimiza anakua mtu. Ila matokeo yake ni kwamba saa moja isiyo na amri ni kitu adimu, na mtu mzima akiikuta anaona vibaya, anaijaza haraka. "Unatengeneza nini?" "Mbona umeweka hivyo?" "Lete nikuonyeshe." Akishaonyeshwa, kazi si yake tena.

Mwingereza mmoja, Simon Nicholson, aliandika mwaka 1971 makala iliyosomwa sana na walimu na wasanifu wa viwanja vya michezo. Hoja yake ilikuwa kwamba ubunifu wa mtoto unategemea wingi na aina ya vitu anavyoweza kuvisogeza, kuvivunja na kuviunga upya, na kwamba tunawapunja watoto tunapowapa mahali ambapo kila kitu kimeshaamuliwa na wakubwa. Angekuja Masisi angekuta vitu vya kusogeza vimejaa hadi mlangoni. Tunachokosa ni mkubwa wa kukaa kimya.

Anza na udongo, kwa sababu hauombewi ruhusa kwa mtu. Mvua zikishanyesha wiki moja au mbili, kingo za vijito vya Mushaki, Kilolirwe na Nyabiondo zinalainika. Mtoto hachukui udongo wa juu wenye vijiti na majani. Anachimba mpaka afikie ule unaoshika vidole. Anautoa mawe, anautia maji kidogo, anaukanda juu ya jiwe bapa, anaukunja kujaribu. Ukipasuka kwenye mkunjo, anachanganya majivu au nyasi zilizokatwa fupifupi. Hakufundishwa darasani, alimwona kaka yake.

Sasa mtazame anavyofanya ng'ombe. Haanzi na miguu. Anashika donge moja, analivuta pande mbili: huku shingo, huku matako. Nundu anaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada. Pembe ndizo zinazomchukua muda, kwa kuwa Masisi ni nchi ya malisho, na kila mtoto anamjua ng'ombe wa asili mwenye pembe ndefu, na anamjua ng'ombe wa maziwa wa kizungu mwenye pembe fupi au asiye nazo kabisa. Wa kwanza anachomekewa miiba mirefu. Wa pili anapewa kiwele kikubwa kupita tumbo. Jibini ya Masisi, ile ya duara inayouzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa, inatoka kwenye kiwele kama hicho, na mtoto hakukikuza kwa bahati mbaya.

Hapa ndipo mkono wa mtu mzima unapoanza kuwasha. Kiwele kimezidi! Miguu mitatu! Nyamaza. Mguu wa nne upo, ng'ombe ameulalia. Na kama haupo, basi huyo ni ng'ombe wa miguu mitatu, na mwenye kundi ndiye anayejua.

Kazi yako ni upenu. Udongo uliofinyangwa ukianikwa juani unapasuka, ukiachwa mvuani unayeyuka, na Septemba Masisi jua na mvua vinapokezana kutwa. Mpe nafasi chini ya paa, penye kivuli na upepo, siku mbili tatu. Zuia kuku. Ukimaliza hayo, rudi kwenye gogo lako.

Kuna udongo mwingine Masisi, wa Rubaya. Unachimbwa, unaoshwa, unatolewa koltani inayoishia kwenye simu za dunia nzima. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba machimbo hayo peke yake yanatoa takriban asilimia 15 ya koltani ya ulimwengu. Watoto wamo humo, wanabeba na kuosha mchanga. Mtoto aliyekaa kando ya kijito akimpa ng'ombe kiwele yuko mahali pake. Anayetaka kumwita na kumwambia aache uchafu akafanye kazi, ajiulize kwanza ni kazi ipi.

Baada ya udongo, magurudumu. Watu wa Kivu Kaskazini hawahitaji kuelezwa chukudu ni nini, ila msomaji wa Mombasa au Muscat ajue: ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichoenea kwetu tangu miaka ya 1970, hakina injini wala pedali. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi. Viazi, kabichi, makaa na magunia ya maharagwe vinashuka nacho kutoka milima ya Masisi hadi Sake, na kutoka Sake hadi Goma. Mwaka 2009 Goma ilikisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Sijui mji mwingine uliompa heshima hiyo mbebaji wa mizigo kwa chombo chake cha mti, na nadhani Goma ilifanya haki.

Chukudu ya mtoto inahitaji tawi lenye panda kwa usukani, kipande cha gogo kwa mwili, na magurudumu. Hayo magurudumu ndiyo chuo kikuu. Wengi wanaanza na shina la mgomba, kwa kuwa kisu butu kinalipenya. Linakatika vipande vya duara, laini, vyenye maji, vinapendeza. Asubuhi vinabingirika. Jioni vimelegea, tundu la katikati limepanuka, chukudu inayumba. Kesho yake anakata vinene zaidi. Kesho kutwa anajaribu mbegu ya parachichi, inapasuka. Mwishowe anasimama mbele ya mkaratusi uliolala, akiutazama, na hapo anakuja kwako kuomba msumeno.

Mpe, na ushike upande mmoja. Kisu, panga na msumeno ni vyombo unavyohusika navyo moja kwa moja. Mtoto wa miaka 5 haachwi navyo peke yake, wa miaka 10 anaangaliwa. Ila usiukimbilie mkaratusi siku ya kwanza kwa huruma. Ukimkatia magurudumu magumu kabla hajaona ya mgomba yakilegea, umempa chukudu na umemnyang'anya siku tatu za kufikiri.

Vitabu vile vya Ulaya vitakuambia ubandike maharagwe, mchele na tambi kwenye karatasi, watoto wafanye picha ya bundi. Usithubutu. Kwetu maharagwe ni ya chungu. Familia zilizokimbia mashamba yaliyoiva zikijua hazitayavuna zinaelewa kwa nini. Gunzi ni la kuchezea, punje ni za kula, na mtoto wa kwetu anaijua mipaka hiyo kabla hajajua kuhesabu. Gunzi moja, maganda yake na ndevu za mahindi vinatosha kwa mwanasesere mwenye gauni na nywele, atakayebebwa mgongoni kwa kipande cha kitenge na kubembelezwa kwa lugha ya nyumbani. Usimwambie mwenye mtoto huyo kwamba uso haujachorwa. Uso anao yeye moyoni.

Kwa gundi usisumbuke. Utomvu wa mgomba unashika kidogo, na ukigusa nguo hautoki kwa sabuni yoyote. Kufunga ni bora kuliko kubandika. Nyuzi za mgomba uliokauka zinafunga mpira, zinafunga paa la nyumba ya vijiti, zinafunga mabua ya mtama yakawa gari, na zikifunguliwa kila kitu kinarudi kuwa kitu kingine. Kilichobandikwa kimekwisha. Kilichofungwa kinaweza kuanza upya kesho, na mtoto anajua kwamba hakuna aliyekifunga kwa kufuli.

Mambo machache usinyamaze. Minyaa ya uani: maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya, yanaweza kupofusha. Mbarika: mbegu zake zenye madoadoa zinashinda shanga kwa uzuri, na zikitafunwa zinaua. Waonyeshe watoto mimea hiyo kwa kidole, uitaje jina, kabla saa ya mchezo haijaanza. Mtoto aliyeambiwa sababu anashika. Aliyepigiwa kelele tu anangoja ugeuke.

Ukiacha milima ya Masisi ukashuka Walikale, malisho yanaisha na msitu unaanza, na ghala ya vifaa inabadilika. Kuna kokwa za ngazi zilizobaki baada ya mawese kukamuliwa, nyeusi na ngumu. Kuna kamba za msituni zinazopinda bila kukatika, magamba ya konokono wakubwa, manyoya, magome. Kuna majani mapana, yale yanayofungiwa kwanga (mkate wa muhogo) na samaki, ambayo yakikunjwa pembe mbili na kubanwa kwa kijiti yanakuwa mtumbwi. Mtumbwi huo ukiwekwa kwenye kijito unaelekea Lowa, na Lowa inaelekea Lualaba, ambao ndio Mto Kongo wenyewe. Mtoto hajapewa somo la jiografia, lakini ukingoni hapo anatazama kule maji yanakokwenda, na hiyo ni nusu ya somo.

Walikale ni nchi ya Wanyanga, na shujaa mkuu wa Wanyanga ni mtoto. Mwaka 1956 mtambaji Shekarisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa mfululizo, na mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakautoa kitabu. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na mtoto anatoka humo mzima. Nguvu yake iko kwenye usinga, mkia wa mnyama wenye mpini. Ngoma ni gogo na ngozi, usinga ni mkia na kijiti: shujaa huyu hana kitu ambacho mtoto wa Walikale hawezi kukipata nyuma ya nyumba. Basi msimulie Mwindo jioni. Usimwagize amchore asubuhi. Ukiona jani limetiwa majini na kuitwa ngoma, utajua hadithi imefika, na usipoona, huenda imefika kwingine.

Rangi zipo. Makaa kwa weusi, majivu kwa weupe, udongo mwekundu wa barabarani, manjano, mawese kwa rangi ya machungwa. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Huko Ituri akina mama wa Kimbuti wanapaka michoro juu ya vitambaa vya magome, na vitambaa hivyo vinatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani; hakuna duka lililowauzia rangi. Karatasi isipokuwepo, kuna ganda la ndizi. Chora juu yake kwa mwiba bila kuona chochote, uliweke chini, subiri. Taratibu mistari inageuka kahawia na picha inajitokeza yenyewe. Hata mzee wa miaka 70 anainama kutazama. Na karibu na Sake, ambako mtiririko wa lava ya volkeno ya Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulifika hadi Ziwa Kivu, kuna mawe meusi yanayokataa makaa na kupokea majivu. Mtoto anaoshewa na mvua moja kazi yake yote, na anaanza nyingine.

Nifike kwenye bunduki, maana haiepukiki.

Chukua uti wa jani la mgomba, kata ndimi kadhaa upande mmoja, ziinue, pitisha kiganja kwa kasi: zinalia ta-ta-ta. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanaujua mchezo huu. Kwetu una uzito mwingine. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025, Walikale mjini ikafuata Machi, na kabla ya hapo Masisi ilikuwa imeshapitiwa na majeshi na makundi kwa miaka na miaka. Mtoto anatengeneza alichokiona. Wapo wakubwa wanaoivunja bunduki hiyo ya mgomba kwa hasira, na wapo wanaoicheka na kupiga picha. Mimi nasema usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kaa karibu. Akitaka kusema, atasema, mara nyingi huku macho yake yako kwenye kisu na mgomba na si kwako. Akinyamaza, mwache anyamaze. Ongeza majani mengine pale alipo, yasiyo na jina.

Amri mbili tu zibaki, na hizi zisemwe kwa sauti. Bunduki ya mgomba hailengi uso wa mtu. Na haitoki uani. Haipelekwi barabarani, haipelekwi karibu na bariyeri, kwa sababu mwenye silaha ya kweli akiwa mbali haoni mgomba.

Watu wa kijiji kidogo cha Italia, Villa Cella karibu na Reggio Emilia, walitoka vitani mwaka 1945. Wajerumani waliorudi nyuma walikuwa wameacha kifaru, malori na farasi. Wanakijiji wakaviuza, na fedha wakajengea shule ya watoto wadogo, kwa matofali waliyoyaokota kwenye magofu. Mwalimu Loris Malaguzzi akajiunga nao, na kutoka hapo ikatokea njia ya kufundisha ambayo leo inaigwa mabara yote: mtoto anapewa udongo, majani, waya, mwanga na muda, na mkubwa anatazama na kuandika anachokiona. Nasimulia hili kwa sababu wapo watakaosema sanaa ya watoto isubiri amani ije kwanza. Wale hawakusubiri. Mwaka 1990 nchi yetu, wakati huo Zaire, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinampa mtoto haki ya kucheza. Haikuandikwa kwamba vita inaisimamisha.

Familia inayokimbia haibebi ng'ombe wa udongo. Kambi za Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, zilipojaa watu wa Masisi, kabla hazijavunjwa Februari 2025, ardhi chini ya mahema ilikuwa mawe ya volkeno, haifinyangiki. Mtoto anayefika mahali pa namna hiyo anaanza na mawe. Anapanga zizi. Anayaita mawe makubwa ng'ombe na madogo ndama. Mkubwa mwema anayeleta sanduku la vinyago vya plastiki asirudishwe, ila asiyasogeze mawe.

Sasa la mwisho, nalo halina utani hata kidogo. Mwongozo huu wote unamtuma mtoto akachimbe kijitoni, aokote kichakani, apekue chini ya migomba. Katika Masisi na Walikale ya leo, chini ya majani hayo kuna vitu vingine: magruneti, makombora yasiyolipuka, risasi. Vingine vinang'aa, vingine vina umbo linalovutia mkono mdogo. Kwa hiyo kabla ya kila saa ya mchezo, mkubwa atembee mwenyewe mahali pale kwanza, na asitembee mahali ambapo palipiganwa na hapajakaguliwa. Kanuni kwa mtoto iwe fupi: cha mti, cha jani, cha udongo ni chako, cha chuma usikiguse, usikirushie jiwe, rudi ulikotoka, mwite mkubwa. Mkubwa aweke alama kwa mbali, amjulishe mwalimu mkuu na shefu wa kijiji, nao wawaite wanaojua kutegua.

Na kwa yeyote anayeshika mamlaka juu ya vilima hivi na msitu huu, kwa jina lolote anajiita na kwa bendera yoyote: watoto wetu hawakuombi vinyago. Viwanja vya shule na kingo za vijito vikaguliwe na kusafishwa mabomu kabla kengele ya Septemba haijalia.